Maswali ya Wasomaji kwa Fundi wa Wavuti: Leso Nzito, Saa Hasi na Cheti Kilichokwisha

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote Kisiwani Mombasa na pande za bara zilizokizunguka. Nimezifupisha pale zilipokuwa ndefu, na majina ya waandishi sikuyataja, kama walivyoomba.

Assalaam aleikum, fundi. Ninauza leso katika Mtaa wa Biashara. Mwanangu alinitengenezea tovuti yenye picha za leso zote zilizoko dukani, kama arubaini hivi, na kwenye kompyuta ya nyumbani inafunguka vizuri sana. Wateja wangu lakini wanalalamika kwamba kwenye simu inakula bando na mwisho haifunguki. Mwanangu anasema tulipie seva kubwa zaidi. Je, nilipe?
*Mama mwenye duka, Mtaa wa Biashara*

Waaleikum salaam, mama. Usilipe kwanza. Nimeufungua ukurasa wako na nikakuta kila picha imewekwa kama ilivyotoka kwenye simu iliyoipiga, yaani pikseli 4,000 kwa 3,000, na uzito wa takriban megabaiti 4. Picha arubaini za namna hiyo ni megabaiti 160, na mteja wako aliyesimama kwenye foleni ya feri ya Likoni na bando la siku moja anatakiwa aushushe mzigo wote huo kabla hajaona hata bei. Seva, ile kompyuta inayoitunza tovuti, hata ikiwa kubwa haitaupunguza mzigo huo hata kwa kilobaiti moja. Kwenye kompyuta ya nyumbani ukurasa unafunguka vizuri kwa sababu kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kimekwisha kuziweka nakala za picha hizo tangu siku mwanao alipokuwa akiutengeneza, kwa hiyo hakizivuti tena. Mwambie aufungue ukurasa huo katika dirisha la faragha, kwenye simu ya bei nafuu iliyozimwa Wi-Fi, naye ataona wanachokiona wateja.

Simu nyingi za bei nafuu zina skrini yenye upana wa pikseli 720, kwa hiyo picha ya pikseli 4,000 hupunguzwa na simu yenyewe baada ya mteja kulipia pikseli zote. Picha ya orodha ipunguzwe hadi upana wa pikseli 800 na ihifadhiwe katika mfumo wa WebP. Mfumo huu ulitangazwa na Google mwaka 2010, na tangu Safari ilipoukubali mwaka 2020 hakuna kivinjari kikubwa kinachoukataa. Picha moja itabaki na uzito wa kilobaiti mia moja na kitu. Kisha picha zote, isipokuwa zile zinazoonekana mara tu ukurasa unapofunguka, ziandikiwe loading="lazy", ili kivinjari kizivute pale tu mteja anapozikaribia kwa kidole chake. Ile ya kwanza kabisa juu ya ukurasa isiandikiwe hivyo. Nimeona mafundi wengi wakiibandika sifa hiyo kwenye kila picha bila kubagua, na matokeo yake ni kwamba picha inayosubiriwa zaidi ndiyo inayochelewa zaidi. Kila picha iandikiwe pia upana na urefu wake, width na height, ili kivinjari kiiwekee nafasi mapema. Pasipo hivyo ukurasa huruka-ruka picha zinapoingia, na mteja aliyetaka kubonyeza leso nyekundu hujikuta amebonyeza ya kijani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni la leso peke yake. Leso ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani ule msemo uliochapwa juu yake, na wewe unajua kuliko mimi kwamba wapo wateja wasionunua leso mpaka wamelisoma jina. Tatizo ni kwamba JPEG ya kawaida (mfumo wa picha uliozoeleka) na WebP ya kubana hazihifadhi rangi kwa ukamilifu kama zinavyohifadhi mwangaza: habari za rangi hupunguzwa hadi nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa sababu jicho la binadamu hutambua tofauti ya mwangaza vizuri kuliko tofauti ya rangi. Katika picha ya ufuo wa bahari hakuna atakayegundua. Katika herufi nyekundu zilizochapwa juu ya kitambaa cha buluu au cheusi, kingo za herufi hutota kama wino uliomwagiwa maji, na hapo ndipo jina la leso linapopotea. Nilizikuza picha zako tatu nikaona ukungu huo waziwazi kwenye herufi.

Dawa yake ni kupiga picha mbili kwa kila leso: moja ya leso nzima kwa ajili ya orodha, na nyingine ya karibu inayoonyesha jina peke yake, ambayo itafunguka tu mteja akiichagua leso hiyo. Hiyo ya karibu mnaweza kuihifadhi katika mfumo wa AVIF, ambao unaruhusu rangi zihifadhiwe bila kupunguzwa. Chrome iliukubali mwaka 2020, Firefox mwaka 2021 na Safari mwaka 2022, kwa hiyo mwanao atumie lebo ya picture na kuweka JPEG kama akiba kwa ajili ya simu za zamani. Na jina la leso liandikwe kwa maandishi ya kawaida chini ya picha, na katika sifa ya alt (maelezo ya picha yaliyomo ndani ya msimbo) vilevile. Kwa sasa alt zako zote zimeandikwa "picha1", "picha2", hadi "picha40". Mteja anayetafuta leso yenye jina la "Wema hauozi" hataipata kwako, ingawa unayo, kwa kuwa mtambo wa kutafuta hauna hakika ya kuyasoma maneno yaliyomo ndani ya kitambaa. Na asiyeona, anayesomewa ukurasa na simu yake, anaambiwa "picha thelathini na saba" halafu kimya.

Hayo yote ni kazi ya siku moja. Yakishafanyika, kama bado ukurasa ni mzito, niandikie tena tuzungumzie seva.

Fundi, nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa. Mbona basi tovuti yangu inafunguka polepole kwangu Changamwe kuliko kwa rafiki yangu aliyeko Marekani?
*Kijana wa Changamwe*

Ni kweli zinatua hapa. SEACOM na TEAMS zilianza kufanya kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Lakini tovuti yako, kama ulivyoeleza katika barua yako, umeiweka kwenye seva iliyoko Marekani. Kila ombi linalotoka kwenye simu yako Changamwe linazama baharini, linavuka huko, kisha jibu linarudi kwa safari ileile. Rafiki yako anabisha hodi kwa jirani.

Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme njia ya nyaya hadi kwenye seva yako ina urefu wa kilomita 14,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 28,000, yaani sekunde 0.14, na hakuna fedha inayoweza kununua kasi zaidi ya hiyo. Safari yenyewe si moja. Ya kwanza ni ya kufungua mawasiliano, ya pili ni ya kukubaliana juu ya usimbaji kwa TLS 1.3, kanuni za kuyafunga mawasiliano yasisomwe njiani, ya mwaka 2018 (toleo lililoitangulia lilihitaji safari mbili), na ya tatu ndiyo ya kuuomba ukurasa. Kwa hiyo unakaribia nusu sekunde kabla herufi ya kwanza haijafika. Ukurasa wako tena unaanza kwa http, unasukumwa kwenda https, halafu unasukumwa kwenda kwenye anwani yenye www, na kila msukumo ni safari nyingine. Ondoa msukumo mmoja leo hii kwa kuielekeza anwani ya kwanza moja kwa moja kwenye ya mwisho. Kisha uliza kama seva yako inakubali HTTP/3, toleo la kanuni za kubadilishana kurasa lililopitishwa rasmi Juni 2022, ambayo huunganisha safari mbili za mwanzo kuwa moja.

Dawa kubwa zaidi ni kuisogeza tovuti. Ama ihamie kwenye seva iliyoko Kenya, ama itumie huduma ya kusambaza nakala, ambapo picha na faili zisizobadilika huwekwa katika vituo vya karibu na msomaji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki kwa siku kadhaa, data iliyokuwa ikibadilishwa baina ya watoa huduma wa nchini kupitia KIXP, kituo ambapo mitandao ya Kenya hukutana, haikuwa na sababu ya kuvuka bahari. Kama wateja wako wako Mombasa na Nairobi, sioni tovuti yako inafuata nini Marekani.

Bwana fundi, nina mashua mbili za kutembeza wageni kutoka Tudor. Tovuti yetu ina ukurasa wa Kiingereza na wa Kiswahili. Ule wa Kiingereza hauna shida, lakini wateja wa ukurasa wa Kiswahili wanakuja saa zisizo zao. Wiki iliyopita familia nzima ilifika saa nane mchana, mashua imekwisha kwenda na kurudi. Aliyetutengenezea anasema mfumo uko sawa.
*Mwenye mashua, Tudor*

Mfumo hauko sawa, na kosa hili nimelikuta katika tovuti nyingi za pwani. Ukurasa wako wa Kiswahili unasema mashua inaondoka "saa 8:00 asubuhi". Hakuna saa ya namna hiyo kwa Mswahili. Aliyetafsiri alichukua tarakimu kutoka kwenye ukurasa wa Kiingereza, akatanguliza neno "saa" na kumalizia na "asubuhi", akadhani amemaliza kazi. Familia ile ilisoma saa nane, ikaja saa nane, na neno "asubuhi" ikalichukulia kuwa ni kosa la uchapaji, jambo ambalo hata mimi ningelifanya.

Kompyuta huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, nasi tunahesabu kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua, hivyo tofauti ni saa sita. Aliyetengeneza tovuti yako asiiguse saa iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata. Abadilishe pale tu inapoonyeshwa, na kwa Kiswahili tu. Achukue saa kwa mfumo wa 24, aongeze 6, agawanye kwa 12 na kuchukua baki. Baki ikiwa sifuri, aandike 12. Saa 8 huwa 14, baki ni 2: saa mbili asubuhi. Saa 18 huwa 24, baki ni sifuri: saa kumi na mbili jioni.

Nasisitiza aongeze sita, asitoe sita, ingawa kwenye karatasi jibu ni lile lile. Mwaka mmoja nilitengeneza ukurasa wa ratiba ya Ramadhani na nikatoa sita. Nikaujaribu mchana, kila kitu kikawa sawa. Usiku wa kwanza wa mfungo, watu walioamka kula daku wakakuta ukurasa unawaambia kwamba mwisho wa kula ni "saa -1 alfajiri". JavaScript, lugha ya programu niliyoitumia, ikigawanya namba hasi na kuchukua baki, hukurudishia baki hasi. Tano ukitoa sita ni hasi moja, na hasi moja ilibaki hasi moja. Nilipigiwa simu kabla ya adhana. Tangu siku hiyo kila ninapoandika jambo la saa hulijaribu kwa saa zote 24, moja baada ya nyingine, na ninamshauri fundi wako afanye hivyo hivyo.

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza, mgeni anayeagiza safari akiwa Ujerumani huenda akaonyeshwa saa ya huko kwao, kwa kuwa kivinjari hutumia saa ya kifaa kisipoelekezwa vingine. Safari yako ya saa mbili asubuhi wakati wa kiangazi chao itaandikwa 07:00. Saa zihifadhiwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo sisi tumeitangulia kwa saa 3 mwaka mzima, na zinapoonyeshwa zitajwe wazi kuwa ni za eneo la "Africa/Nairobi". La pili, safari zako za jioni. "Usiku wa Jumamosi" kwa baadhi ya wazee wetu ni usiku unaoanza Ijumaa jua likishakuchwa, na kwa vijana ni Jumamosi yenyewe. Kalenda ya kompyuta haijui ubishi huo. Andika siku pamoja na tarehe, na karibu na saa yetu weka tarakimu za mfumo wa 24 kwenye mabano: "saa 2:00 asubuhi (08:00)". Utaonekana unarudia jambo, lakini mashua haitaachwa.

Nyumba yetu ya wageni iko Mji wa Kale. Wageni wameanza kutuambia kwamba tovuti yetu inatoa onyo kuwa si salama, wakati tulilipia cheti. Je, tumeingiliwa na wezi?
*Meneja, Mji wa Kale*

Hamkuingiliwa. Cheti chenu, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha anwani ya tovuti, kilikwisha muda tarehe 3 ya mwezi huu na hakuna aliyekifanya upya. Kama onyo lingetokea kwa mgeni mmoja tu, ningekwambia aangalie tarehe ya simu yake kwanza, maana simu iliyorudi nyuma mwaka mzima baada ya betri kuisha huviona vyeti vyote kuwa ni vibovu.

Nitakachokusihi ni kwamba usikifanye upya kwa mkono. Aprili 2025 umoja wa watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari ulipiga kura ya kupunguza umri wa vyeti kwa hatua. Kikomo kilikuwa siku 398. Kuanzia tarehe 15 Machi 2026 ni siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 ni siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 ni siku 47 tu. Mtu anayekumbuka cheti mara moja kwa mwaka, tena kwa kukumbushwa na wageni, hataweza kukikumbuka mara nane. Shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo tangu mwishoni mwa 2015, na programu kama Certbot hukiomba na kukisakinisha yenyewe. Zamani walikuwa wakituma barua pepe ya kukumbusha cheti kinapokaribia kwisha, lakini huduma hiyo waliisitisha tarehe 4 Juni 2025, kwa hiyo fundi wako aweke ukaguzi wake mwenyewe utakaomtumia ujumbe siku kumi kabla.

Wageni wenu pia wajue kwamba cheti kinathibitisha tu kuwa wanazungumza na anwani wanayoiona na kwamba njiani hakuna anayewasikiliza. Tapeli naye hupata cheti bila taabu. Ndiyo maana mwaka 2023 Chrome iliiondoa ile picha ya kufuli kwenye sehemu ya anwani. Watu wengi walikuwa wakiiona kama dhamana ya uaminifu wa muuzaji.

Shikamoo, mwalimu. Ninasoma mwaka wa pili hapa Mombasa. Wenzangu wanasema hakuna haja ya kujifunza HTML kwa kuwa akili mnemba inaandika yote. Niache?
*Mwanafunzi, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Natumia vyombo hivyo karibu kila siku, na vinaniokolea muda. Baada ya kupokea barua ya mwenye mashua nilikiagiza kimoja kiniandikie ukurasa wa Kiswahili wa ratiba ya safari. Kikaandika vizuri kwa dakika moja, lebo zimepangwa, rangi zimekaa, na katikati yake kikaweka "saa 8:00 asubuhi". Asiyejua kusoma msimbo angeupandisha ukurasa huo ulivyo.

Jifunze HTML, lugha ya kupangia kurasa za wavuti, mpaka uweze kuandika fomu bila kutazama popote. Kisha jifunze kukitumia kidirisha cha mtandao kilichomo ndani ya kivinjari, kile kinachoonyesha kila faili iliyovutwa, uzito wake na muda wake. Uzito wa leso za yule mama niliuona humo, wala sikuhitaji kumwuliza mtu. Lugha za mtindo zinaweza kungoja.

Sisi ni walimu wa madrasa, Majengo. Tumepandisha kwenye tovuti orodha ya wanafunzi, majina, tarehe za kuzaliwa na simu za wazazi, ili wazazi waione kwa urahisi. Mzazi mmoja amelalamika. Fundi wetu ameandika kwenye faili ya robots.txt kwamba orodha isionekane kwenye Google. Inatosha?
*Mwalimu, Majengo*

Haitoshi, na mzazi huyo ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data za mtoto, na kuwapa wazazi urahisi si idhini. Iondoeni orodha leo. Wazazi wapelekewe habari za watoto wao tu, kwa ujumbe wa simu au kwa ukurasa wenye nenosiri.

Ama robots.txt, hiyo ni faili ya kuziomba programu za mitambo ya kutafuta zisipite mahali fulani, na zenye adabu hutii. Haifungi chochote. Zaidi ya hayo, faili hiyo iko wazi kwa kila mtu: nimeandika anwani ya tovuti yenu na kuongeza /robots.txt mwishoni, na mstari wa pili ukanitajia mahali hasa orodha ilipo. Mkishaifuta, ombeni Google iyaondoe matokeo ya zamani kupitia huduma yao ya Search Console, na huo mstari wa pili nao mwufute.